Kiti Kimoja, Miaka Mingi: Rebecca Kadaga wa Nchi Jirani

Sisi watu wa Kamango twaijua Uganda kwa miguu yetu. Tunavuka mpaka kwenda sokoni Bundibugyo, na Julai 2013, waasi wa ADF walipoishambulia Kamango, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia huko huko. Hata hivyo, nchi jirani si soko na kimbilio tu. Inayo pia historia inayofaa kutafakariwa, na mojawapo ya kurasa zake ni maisha ya mbunge Rebecca Alitwala Kadaga.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1956, naye ni mtu wa Kamuli, katika Busoga, mashariki mwa Uganda. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, akahitimu mwaka 1978, na kuanzia 1984 alifanya kazi ya uwakili. Mwaka 1989, miaka mitatu baada ya Museveni kushika madaraka kwa vita, baraza la kutunga sheria lilipanuliwa, na kila wilaya ikapewa kiti kimoja cha mwakilishi mwanamke. Kamuli ilimchagua Kadaga. Katiba ya 1995 ilivithibitisha viti hivyo.

Wapo wanaovidharau viti vya namna hiyo, wakisema ni zawadi. Lakini sheria hufungua mlango tu. Haimlazimishi mpiga kura kumrudisha yule yule. Kamuli ilimrudisha Kadaga mwaka 1996, 2001, 2006, 2011, 2016 na 2021. Naye hakubaki mgeni bungeni. Alikuwa waziri, kisha mwaka 2001 akawa Naibu Spika. Alikuwa angali katika nafasi hiyo Uganda ilipopata, mwaka 2010, sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mwaka 2011 akawa Spika, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho.

Hata hivyo, kukaa muda mrefu penye madaraka ni kujaribiwa. Mwaka 2017 ililetwa hoja ya kufuta kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais. Tarehe 27 Septemba, Spika aliwasimamisha wabunge 25 kwa sababu ya vurugu. Walipokataa kutoka, watu wa usalama waliovaa kiraia waliingia ukumbini na kuwaburuta nje, na baadhi wakaumia. Kadaga alimwandikia Rais akitaka kujua watu wale walikuwa nani. Lakini kazi ya Bunge iliendelea chini ya uongozi wake, na tarehe 20 Desemba muswada ukapita kwa kura 317 dhidi ya 97. Wapo waliomsifu kwa barua ile, na wapo waliomlaumu kwa kikao kile. Sisi twaona kwamba barua na kikao vyote viwili ni sehemu ya historia yake, na asiyetaja kimoja hasemi ukweli wote.

Mwezi wa Mei 2021 alishindwa uspika na Jacob Oulanyah. Baadaye aliteuliwa kuwa Naibu wa Kwanza wa Waziri Mkuu na Waziri wa mambo ya Afrika Mashariki. Alikuwa katika wizara hiyo Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022.

Nasi je? Kifungu cha 14 cha Katiba yetu ya 2006 kinadai usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi za nchi. Lakini hatuna kiti kilichotengwa kama kile cha Kamuli. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2022 inaisamehe dhamana ya fedha orodha ambayo nusu ya wagombea wake ni wanawake. Huo ni msaada wa kugombea; kiti chenyewe hautoi. Jeannine Mabunda aliongoza Bunge la Taifa kuanzia 2019, lakini mmoja juu hajazi viti vilivyo tupu chini.

Tena sisi twajua maana ya kukosa sauti. Desemba 2018 Beni na Butembo hazikupiga kura pamoja na nchi nzima. Uchaguzi wa wabunge ulifanyika Machi 2019, Rais akiwa ameshaapishwa. Tangu Mei 2021, chini ya hali ya dharura ya kijeshi, baraza letu la jimbo limesimamishwa. Mahali ambapo hakuna kikao, hata mwakilishi hodari hana pa kusemea.

Basi, katika vikundi vyenu, tafakarini pamoja: ni binti gani kati yetu anayesoma leo ili aweze kusimama kesho mbele ya watu wake na kuomba kura? Na akisha kuchaguliwa, tutamwuliza maswali kila mwaka, au tutamkumbuka siku ya kura tu?