Kaisari Aliyezuiwa Mlangoni

Tukitajiwa makaisari wa Roma, mara tunamkumbuka Nero na mateso ya Wakristu. Leo tumtazame kaisari mwingine, Teodosi, ambaye alikuwa Mkristu. Sura yake tunaipata katika picha kubwa iliyochorwa na Peter Paul Rubens wa Anvers, katika Ubelgiji, kati ya mwaka 1615 na 1617 hivi. Picha hiyo yatunzwa Vienna, na urefu wake wapita meta 3.

Kaisari amevaa mavazi ya vita, na askari wake wako nyuma. Anapanda ngazi za kanisa la Milano. Lakini juu yake amesimama askofu, Mtakatifu Ambrosi, mwenye kofia ya kiaskofu na joho la dhahabu, naye anamzuia kwa mkono mtupu. Anthony van Dyck, aliyefanya kazi kwa Rubens, aliichora habari ileile karibu mwaka 1620. Picha yake iko London.

Kosa la kaisari lilikuwa nini? Mwaka 390 watu wa mji wa Thesalonike walifanya ghasia, wakamwua jemadari wake. Teodosi akashikwa na hasira, akaamuru kisasi. Alipotaka kuibatilisha amri, alikuwa amechelewa. Askari waliwaua watu ovyo, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Askofu Teodoreti, aliyeandika historia katika karne ya 5, ataja watu 7,000.

Yafaa tujue kwamba habari ya mlangoni yatoka kwa Teodoreti huyo. Ambrosi mwenyewe alituachia barua. Alijitenga na kaisari, akamwandikia kwa mkono wake, akamkumbusha mfalme Daudi aliyekiri dhambi yake, tena akamwambia kwamba hathubutu kutolea sadaka mbele yake. Naye Teodosi alitii. Akavua mapambo ya kifalme, akalia kanisani mbele ya watu wote, akaomba msamaha. Ambrosi alilishuhudia jambo hilo alipomhubiria katika mazishi yake, mwaka 395.

Kwetu Sange, katika bonde la Ruzizi, na kwa ndugu zetu wa Bukavu, habari hii si ya mbali. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa naye alisema wazi juu ya dhuluma na umwagaji wa damu. Tarehe 29 Oktoba 1996 askari walimwua mjini Bukavu. Ushujaa wake haukupungua kuliko wa Ambrosi. Waliopungukiwa ni wale wenye silaha, kwa kuwa hawakukubali kuzuiwa.

Ndiyo maana picha ya Rubens yampa heshima kaisari pia. Wafalme wengi wamechorwa juu ya farasi, wakishinda vita. Huyu amechorwa ameinama, ngazi moja chini ya askofu wake. Basi tuwaombee wenye mamlaka wapate moyo huo. Na sisi wenyewe, tukiwa na kisasi moyoni, tusisubiri kuzuiwa mlangoni pa kanisa. Twende kwanza kwenye kitubio.