Pesa ya kulea watoto haikosi, inategemea nani anahitajika

Dada yangu hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kushona nguo kiwandani, Athi River. Mtoto anamwacha kwa mama wa ploti jirani: chumba kimoja cha mabati, watoto kumi na watano, mlezi mmoja. Kila siku ni shilingi 100. Nikiuliza mbona serikali isisaidie, jibu ni lile lile: pesa hakuna.

Haya, wacha niwape historia kidogo ya Marekani, maana hata huko walikuwa wanasema hivyo.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, wanaume wakaenda jeshini na viwanda vikaita akina mama waje kuunda meli na ndege. Wakaja. Sasa watoto je? Wengine walifungiwa ndani ya magari nje ya kiwanda mpaka mama atoke shifti. Serikali ikaona kazi itakwama. Kulikuwa na sheria ya 1940, Lanham Act, ya kujenga huduma kwenye miji ya viwanda vya vita. Wakaitumia hiyo hiyo kugharamia vituo vya watoto. Kufikia katikati ya 1944 vilikuwa zaidi ya 3,000, na watoto kama 130,000. Mzazi alilipa takriban senti 50 kwa siku, na hakuna aliyeulizwa kwanza kama ni maskini.

Kule Portland, penye karakana za meli za Kaiser, vituo vilijengwa pale pale getini, vikafanya kazi usiku na mchana. Mama akitoka kazini angeweza hata kununua chakula kilichopikwa, akaenda nacho nyumbani.

Halafu 1945 vita vikaisha. Mwanzoni mwa 1946 serikali kuu ikafunga mfuko. Watoto walikuwa bado wapo, na mama wengi walikuwa bado wanahitaji mshahara. Kilichoisha ni haja ya nchi kwa mikono yao. Lakini California akina mama walikataa. Waliandika barua, wakaenda kuwasumbua wabunge, na jimbo likaendelea kulipia vituo vyake.

Ndio maana siamini hii habari ya pesa hakuna. Pesa hupatikana mtu akionekana wa maana, ama akikataa kunyamaza.

Na sisi hatuanzi na sifuri. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: vituo vya kulelea watoto ni kazi ya kaunti, imeandikwa hapo pamoja na chekechea. Kwa hivyo siku kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, usiulize barabara peke yake. Uliza: ya watoto iko ukurasa gani?

Dada yangu hawezi kwenda, atakuwa kazini. Mimi nitaenda.