Kuchanga karata

Kampeni zikianza, hata sokoni Kangeta kwenye mafungu ya miraa, hukosi kusikia kwamba mheshimiwa fulani "amechanga karata zake vizuri". Maana yake amepanga mambo kwa akili. Ajabu kidogo, kwa sababu kuchanga karata ni kuzichanganya mtu asijue ipi itatoka. Anayechanga huku akijua, huyo tunamwita mwizi.

 

Akili huja baada ya kugawiwa. Chukua mchezo wa ishirini na moja, ule ambao kasino huuita blackjack. Mkononi una 10 na 6. Mgawaji ameanika 10. Ukiongeza, aina 8 za karata kati ya 13 zitakuvusha 21, na dau limekwenda. Ukitulia, mgawaji huenda akakupita. Mwaka 1956 Roger Baldwin na Wamarekani wenzake watatu walichapisha hesabu ya mchezo huu: ongeza, maana hasara yake ni ndogo kuliko ya kutulia. (Ndogo, si faida, kasino haijengwi kwa sadaka.) Kama 16 yako ni 8 mbili, zitenganishe. Na pale sheria za meza zinapokuruhusu kujitoa kwa nusu ya dau, 10 na 6 hiyo itupe.

Kwa hiyo mwanasiasa aliyeamua vyema *amecheza* karata zake. Kuchanga tumwachie mgawaji.