Semista Imeanza, Lengo Lako ni Kufaulu Tu? Cheki Hawa Waliosoma Shakespeare kwa Sababu Zao

Kozi ya tamthiliya za kale ikianza, mambo ni yale yale. Mhadhiri anagawa orodha ya vitabu, na kwenye grupu la WhatsApp swali la kwanza ni: nani ana desa la mwaka jana? Wiki ya pili kila mtu anaambiwa aandike malengo yake binafsi ya kozi. Hapo watu wanakwama. Wengi wanaandika "kufaulu", wanarudi kuchati.

Kuna watu waliosoma tamthiliya hizi hizi bila mtihani wowote mbele yao, na walijua wanachotafuta.

Mwaka 1963 ilitoka Julius Caesar kwa Kiswahili, ikachapwa na Oxford University Press. Mfasiri hakuwa profesa. Alikuwa rais wa Tanganyika, nchi iliyopata uhuru Desemba 1961. Jina lake unalijua, liache lipumzike. Mzee alishapita Makerere, akamaliza Edinburgh mwaka 1952, akafundisha sekondari, halafu akaacha chaki kwa ajili ya siasa. Mtu wa aina hiyo, mwenye nchi changa mikononi, angeweza kabisa kusema hana muda. Lakini alikuwa na swali lake: je, Kiswahili kinaweza kubeba mzigo huu? Akakipima mstari kwa mstari, kwa mashairi yasiyo na vina kama ya Shakespeare mwenyewe, ingawa sikio la Mswahili limezoea vina na mizani.

Na hakuridhika. Mwaka 1969 akatoa toleo alilolifanyia marekebisho, Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Hapa patamu. Kwa Kiingereza jina la tamthiliya lina mfanyabiashara mmoja tu, yeye akaweka wengi. Tena neno lenyewe ni "mabepari", miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wakati kuitwa bepari lilikuwa karibu na tusi. Mwanafunzi anayetaka lengo la maana anaweza kuanza na swali hilo moja: mabepari wa Venisi ni akina nani? Ni Shylock peke yake, au na wale wanaomcheka? Likimshika vizuri, hilo swali linamtosha semista nzima.

Sasa shuka kusini, Robben Island, miaka ya 1970. Mfungwa mmoja wa kisiasa alikuwa na kitabu chenye kazi zote za Shakespeare. Ili askari wasikichukue, alikibandika kadi za Diwali zenye picha za miungu ya Kihindu, kikapita kama kitabu cha dini. Kikazunguka kwa wenzake, na kila aliyekisoma akaombwa aweke saini pembeni ya sehemu iliyomgusa. Zaidi ya wafungwa 30 walisaini.

Ona sasa walivyochagua. Mmoja, ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa rais wa nchi hiyo, alisaini tarehe 16 Desemba 1977 kwenye Julius Caesar, pale Kaizari anapozungumzia waoga na kifo. Rafiki yake wa miaka mingi alimchagua Shylock, anapolalamika jinsi watu wake walivyozoea kuvumilia dharau. Ndiyo, tamthiliya mbili zile zile zilizofasiriwa na mzee wa Dar! Mwingine akaenda kwa Caliban wa The Tempest, anayedai kisiwa ni chake na kimeporwa. Ukiwa umefungwa kisiwani, hiyo haihitaji mhadhiri. Halafu kuna mzee mmoja, baba wa mtu ambaye naye alikuja kuwa rais, akasaini mwanzo wa Twelfth Night. Muziki na mapenzi. Miaka yote ile gerezani, na roho yake ilienda kwenye muziki.

Kitabu kimoja, na kila mtu ametoka na kitu chake. Hakuna desa linaloweza kukupa hicho, maana aliyeliandika hakuwa anaulizia maisha yako.

Kwa hiyo ukipewa tena ile karatasi ya malengo, "kuelewa Shakespeare" ni lengo kubwa mno, halipimiki. Andika dogo lenye meno. Labda unataka kujua Antony anaugeuzaje umati kwenye mazishi ya Kaizari huku akijifanya anamsifu Brutus. Mtu anayepanga kazi ya matangazo au siasa atakipata kitu hapo. Au tafuta matoleo yote mawili, la 1963 na la 1969, uone mfasiri alibadilisha maneno gani, na ujaribu kusema kwa nini. Au shika hotuba moja kichwani mpaka uweze kuitoa mbele ya watu bila karatasi. Ikifika mwisho wa semista utajua umefika au hujafika, bila kusubiri matokeo.

Kitabu cha Robben Island chenyewe kilionyeshwa British Museum, London, mwaka 2012, kikiwa bado na kadi zake za Diwali.

Wadau, kingepita mkononi mwako leo, ungesaini ukurasa gani?