Kitunguu Kilichooza, Biringanya Lililooza

Mwaka 1950, Walter Burkholder, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alimweleza bakteria anayeozesha vitunguu. Miaka ya 1980 mdudu huyo wa shambani alikuwa tishio kwenye mapafu ya watoto, na dawa nyingi hazikumgusa.

Watoto hao walikuwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu unate kama gundi. Bakteria wakinasa humo, hawatoki. Dorothy Andersen, daktari wa New York, aliueleza mwaka 1938, enzi ambazo wengi walifariki wangali wadogo. Mwaka 1946 yeye na Paul di Sant'Agnese waliandika jinsi walivyowapa wagonjwa penisilini, hata kwa kuivuta kama mvuke.

Penisilini ilisaidia, lakini wadudu wengine wakashika nafasi. Aliyesumbua zaidi ni Pseudomonas, anayejifunika utando wa utelezi ambao dawa huupenya kwa shida. Kuanzia 1976 madaktari wa Copenhagen hawakusubiri mgonjwa azidiwe: kila miezi mitatu, wiki mbili za dawa za mshipani. Mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha tobramaisini ya kuvuta, miligramu 300 asubuhi na jioni, siku 28 za dawa, 28 za kupumzika. Mtoto anakaa na kifaa mdomoni, mvuke ukimfuka usoni, wenzake wakicheza nje.

Kilichouma kuliko sindano ni upweke. Ilipobainika kwamba wagonjwa huambukizana, kambi za likizo walizokutania zilifungwa. Mwenzako anayekijua kikohozi chako ndiye uliyekatazwa kumkumbatia.

Kisha likaja biringanya. Mwaka 2010, huko Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi alipata kwenye biringanya lililooza faji, yaani kirusi kinachoua bakteria. Kikapewa jina Muddy na kuhifadhiwa.

Mwaka 2018 binti wa miaka 15 jijini London, mwenye sistiki faibrosisi na aliyekwisha kupandikizwa mapafu, alikuwa akizidiwa na bakteria Mycobacterium abscessus, viuavijasumu vikiwa vimeshindwa. Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alipekua hazina yake ya faji, akachagua tatu, Muddy ikiwemo. Mbili ilibidi zirekebishwe jeni ili ziweze kumuua. Binti alidungwa mara mbili kwa siku. Miezi sita baadaye kidonda cha upasuaji kifuani kilikuwa kimefunga na ini limepata nafuu, ingawa mdudu hakuwa ameisha mwilini.