UZI: Nani Aliingia Chuo kwa Mlango wa Nyuma?

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, swali ni lile lile: "Huyu digrii alipata aje na C+ hakuwa nayo?" Wadau, mimi nasoma sayansi ya siasa. KCSE nilipata C, si C+. Nikafanya diploma, nikafaulu, ndio chuo kikuu kikanipokea. Hii historia basi inanihusu.

2/ Zamani C+ haikukupeleka chuo, ilikuruhusu tu kupanga foleni. Idadi ya wanaoitwa na serikali ilipimwa kwa vitanda vya mabweni. Vitanda vikiisha, unabaki mtaani na cheti chako.

3/ Mjomba wangu hapa Ziwani alimaliza shule 1997 na C+. Hakuitwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha "parallel": anayejilipia karo anaingia, hata kama alikosa alama za serikali. Wenye diploma pia walikaribishwa. Watu wazima walitoka kazini jioni wakaingia darasani, na hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini mjomba alipiga hesabu ya karo mara moja tu, akarudi Gikomba kuuza mitumba. Mwenye C+ kama yake na mzazi wa kulipa aliingia.

4/ Tanzania walijaribu njia nyingine. Azimio la Musoma, 1974: ukimaliza shule, ufanye kazi kwanza, kisha uombe chuo ukiwa na pendekezo la mwajiri na la chama tawala. Nia ilikuwa nzuri, chuo kisiwe cha vijana wa madarasani peke yao. Lakini barua ya kukusifu inaandikwa na mtu, na mtu ana wake. Idadi ya wanawake chuoni ikashuka, hadi wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza.

5/ Uganda je? Makerere ina mtihani wa watu wazima, kuanzia miaka 25. Hukupita A-level? Kaa chini, fanya mtihani, tuone. Hauulizi baba yako ni nani.

6/ Turudi Kenya. KCSE ya 2016 ilisimamiwa kwa ukali, na waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929 pekee. Serikali ikawapa wote nafasi, wengine hadi vyuo vya binafsi. Parallel ikakauka, na vyuo vilivyoizoea pesa hiyo vikaanza kulia madeni.

7/ Najua aliyekesha akapata B+ ataniambia, "Sisi tulitoa jasho, nyinyi mmezunguka." Namwelewa. Lakini kuzunguka kwangu kulikuwa na miaka ya diploma, karo ya kuungaunga, na mitihani. Na sasa tunakaa ukumbi mmoja, karatasi ya mtihani ni moja. Nikianguka, naanguka.

8/ Kwangu mimi, mlango wa pili si wizi. Shida ni anayeshika ufunguo. Ufunguo ukiwa pesa, anaachwa mjomba. Ukiwa barua, anaachwa asiyejulikana. Ukiwa mtihani unaotangazwa mapema na kusahihishwa sawa kwa wote, angalau tunajua tumeshindwa na nini.

9/ Kwa hivyo mgombea akiulizwa alivyoingia chuo, msiishie kwa gredi ya KCSE. Muulizeni alipimwa na nani, kwa kipimo gani, na kama mtoto wa Ziwani angepimwa vivyo hivyo.

Mjomba bado yuko Gikomba. Nyinyi mngempa ufunguo gani?