Kiungo Dhaifu: Historia ya Kompyuta ya Kuhariria Video katika Mwambao wa Muhuru Bay

Muhuru Bay, iliyo ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, inajulikana kwa samaki kama omena, mbuta na ngege kuliko kwa filamu. Hata hivyo, mwambao huu wa Waluo na Abasuba, unaoendelea kaskazini hadi Homa Bay, una historia yake ya picha zinazosonga, na historia hiyo inahusu hasa nani alikuwa na uwezo wa kuzihariri, yaani kuchagua vipande vya kubaki, kuviondoa vingine na kuvipanga vilivyobaki ili visimulie jambo. Kwa miongo mingi picha zilichukuliwa ziwani na kukatwa mbali, mpaka kompyuta ya mezani ilipoiweka kazi hiyo katika uwezo wa fundi wa mji mdogo. Kompyuta hiyo haikuchaguliwa kwa kipimo kimoja cha kudumu, kwa kuwa katika kila kipindi mashine iliyofaa ilikuwa ile iliyoimarisha kiungo kilichokuwa dhaifu zaidi katika mnyororo mzima wa kazi, na kiungo hicho kilihama kila kamera na umeme vilipobadilika.

Kabla ya kompyuta, uhariri ulikuwa kazi ya taasisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa kikoloni wa filamu za elimu, uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, na kutoka huko filamu zake zilizungushwa hadi Kenya na Uganda, zikiwaonyesha Waafrika maisha yao kwa mpangilio ulioamuliwa na wasimamizi Waingereza. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, vyumba vya kukatia picha vilikuwa Nairobi, na mafundi wa utangazaji walifunzwa huko huko katika taasisi ya mawasiliano ya umma, KIMC, iliyoanzishwa mwaka 1961. Hata baada ya kituo cha KTN kuanza kurusha matangazo mwaka 1990, uhariri wa kanda uliendelea kuhitaji angalau mashine mbili, moja ya kusoma kanda ya asili na nyingine ya kurekodi nakala mpya, na kwa kuwa vipande vilirekodiwa kwa kufuatana, kosa la dakika ya tano lingeweza kumlazimu mhariri kurudia kila kilichofuata.

Mabadiliko yalianzia nje ya Afrika. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilionyesha mfumo uliohifadhi picha ndani ya diski ya kompyuta, hata kipande chochote kikaweza kufikiwa na kuhamishwa bila kuigusa kanda, na mwaka 1991 Adobe ilitoa programu ya Premiere kwa watumiaji wa kompyuta za kawaida. Hatua iliyowagusa zaidi mafundi wadogo ilikuja mwaka 1995, mfumo wa DV ulipoanza kurekodi video kama tarakimu katika kanda ndogo, kwani kamera ya aina hiyo iliunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja na picha ikaingia bila kupoteza ubora. Kompyuta ilihitaji kuwa na tundu la waya huo, linaloitwa FireWire, na kuwa na nafasi ya kutosha, kwa sababu saa moja ya DV ilichukua takriban gigabaiti 13.

Hesabu hiyo ilikuwa nzito katika nchi ya Waluo kwa sababu ya aina ya kazi iliyoletwa kwa mpiga video. Matanga, ambayo humrudisha marehemu nyumbani kwa baba zake na kuwakusanya ndugu kutoka miji ya mbali, huendelea kwa saa nyingi, hotuba juu ya hotuba, na jamaa walio ng'ambo ambao hawakuweza kufika hutaka kuyaona yote. Kulikuwa pia na harusi na ibada, na kulikuwa na muziki, kwa kuwa mwambao huu umo katika eneo la mtindo wa benga: mwanamuziki Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, upande wa pili wa mpaka, kabla ya kuipa bendi yake maarufu jina la mji huo. Katikati ya miaka ya 2000, wakati mwanamuziki Tony Nyadundo alipoupatia mtindo wa ohangla wasikilizaji wengi kote Kenya, nyimbo ziliuzwa pamoja na picha katika diski za VCD, ambazo zilihitaji mtu wa kuzihariri na kuzichoma.

Saa sita za matanga zilizorekodiwa kwa DV zilikuwa karibu gigabaiti 78, katika miaka ambayo kompyuta nyingi zilizouzwa mitumba zilikuwa na diski ya gigabaiti 40 au 80. Kiungo dhaifu basi kilikuwa diski. Fundi mwenye busara alinunua mashine ya kawaida, kisha akaiongezea diski ya pili, ili ya kwanza ibebe mfumo endeshi na programu, na ya pili ibebe video peke yake bila kukatizwa. Kompyuta ya mezani iliruhusu nyongeza hiyo kwa urahisi, kwa kuwa sanduku lake hufunguliwa kwa bisibisi na sehemu zake hubadilishwa moja moja, jambo lililokuwa na maana kubwa kwa mtu aliyejenga mtaji wake kidogo kidogo.

Video ya ubora wa juu, yaani HD, iliuvuruga mpangilio huo kwa namna isiyotarajiwa. Fremu moja ya DV katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya ina nukta 720 kwa 576, jumla 414,720, ilhali fremu ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Mtu angedhani kwamba diski nazo zingepaswa kuwa kubwa mara tano, lakini haikuwa hivyo, kwa sababu mfumo wa HDV wa mwaka 2003, na hasa AVCHD uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, uliigandamiza picha kwa ukali mno. Saa moja ya AVCHD katika kiwango chake cha juu cha wakati huo ilichukua takriban gigabaiti 11, pungufu ya DV yenyewe. Mgandamizo huo hauhifadhi kila fremu kikamilifu, bali huhifadhi fremu chache nzima na kuzieleza nyingine kwa tofauti zilizopo baina yao, kwa hiyo kila mhariri anaposogeza mshale, kompyuta hulazimika kuijenga upya fremu anayoitaka kutokana na majirani zake. Mzigo ulikuwa umehama kutoka kwenye diski hadi kwenye kichakataji, ambacho ndicho kinachopiga hesabu zote za mashine.

Hapa ndipo wengi walipokosea katika kuchagua. Kompyuta iliyohariri DV kwa miaka kadhaa bila tatizo ilipoletewa kadi ya kumbukumbu kutoka kamera mpya, ilicheza picha kwa kukwama, na kurenda, yaani kukokotoa kila fremu iliyotiwa maandishi au rangi mpya, kukageuka kuwa kazi ya usiku kucha. Kununua diski kubwa zaidi hakukusaidia, kwa sababu diski haikuwa tena kiungo dhaifu.

Tiba zilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuongeza nguvu: vichakataji vyenye viini viwili vya Core 2 Duo vilitoka mwaka 2006, na vya Core i7 vyenye viini vinne vikafuata mwaka 2008. Kumbukumbu ya muda, ambako programu huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo, nayo ilipaswa kuvuka gigabaiti 4, kiasi ambacho mifumo endeshi ya kawaida ya biti 32 haikuweza kukizidi, hivyo Adobe ilipotoa Premiere Pro CS5 mwaka 2010 ilikubali mifumo ya biti 64 pekee, na ikaanza kuitumia kadi ya michoro kugawana hesabu na kichakataji. Njia ya pili ilikuwa ya uvumilivu, nayo ni kuigeuza video ya kamera, kabla ya kuikata, iwe katika muundo usiogandamizwa sana na ulio mwepesi kwa kichakataji. Lakini saa moja ya HD katika muundo kama ProRes 422 huchukua takriban gigabaiti 55, kwa hiyo aliyeshindwa kununua kichakataji kipya alilazimika kununua diski, na mzigo ukarudi ulikotoka. Kuchagua kompyuta kukawa ni kuamua mzigo huo utabebwa na nani: kichakataji, diski, au saa za fundi mwenyewe.

Kando ya ziwa uamuzi huo ulitanguliwa na jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo cha Gogo kwenye Mto Kuja, chenye uwezo wa megawati 2, kilijengwa ili kuendesha migodi ya Macalder, nacho ni ushahidi kwamba umeme ulizalishwa katika eneo hili miongo mingi kabla haujafika katika nyumba za kawaida. Mamlaka ya kusambaza umeme vijijini iliyoundwa kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2006, na mpango wa mwaka 2015 wa kuziunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, ndivyo vilivyoongeza kasi ya kueneza nyaya. Hata palipofika nyaya, stima iliyopotea katikati ya kurenda iliharibu kazi ya saa nyingi, na iliporudi kwa msukumo mkubwa iliweza kuunguza mashine. Kwa hiyo kompyuta ya mezani, ambayo haina betri yake, haikuwa kamili bila UPS, yaani kifaa chenye betri kinachompa mhariri dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Wapo waliochagua kompyuta ya mkononi kwa sababu hiyo, lakini mashine ndogo hupata joto upesi inapofanya hesabu kwa saa nyingi, na katika joto la mwambao, penye vumbi na makundi ya vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, sanduku kubwa linalofunguliwa na kusafishwa feni lilikuwa na faida ya kudumu.

Umuhimu wa haya yote unaonekana katika matokeo yake. Mzozo wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo, katika ziwa hili hili, ulipopamba moto mwaka 2009, dunia ilikiona kisiwa hicho kupitia picha zilizokatwa katika vyumba vya habari vya mbali, zikionyesha mabati yaliyosongamana na bendera, mara chache zikimwachia mvuvi amalize sentensi yake. Uhariri hauongezi wala haupunguzi yaliyotokea, lakini ndio unaoamua yatakayojulikana, na mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hutambua ni neno gani la mzee lisilofaa kukatwa. Matangazo ya analogia yalipozimwa nchini Kenya mwaka 2015 na nafasi za matangazo ya kidijitali kuongezeka, uwezo huo ukawa na thamani zaidi.

Leo video ya 4K, yenye nukta mara nne za HD kamili, inarudia somo lile lile, na programu kama DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure lilianza kupatikana mwaka 2011, imeondoa gharama moja na kuupeleka uzito kwenye kadi ya michoro. Anayenunua mashine sasa bado anapaswa kuanza na umeme wake, kisha muundo wa kamera yake, kabla ya kutazama bei ya kichakataji. Anapaswa pia kuhesabu kile ambacho fundi wa miaka ya 2000 alishindwa kukinunua, yaani diski ya kuhifadhi, kwa sababu nafasi ilipojaa kazi ya zamani ilifutwa ili mpya ipate mahali, na hotuba nyingi za wazee zimebaki katika VCD tu, ambazo fremu yao ni takriban robo ya fremu ya DV na ambazo huchakaa mwaka hadi mwaka. Kuzinakili diski hizo sasa, zingali zinasomeka, hakuhitaji kompyuta yenye nguvu. Kunahitaji kisomaji cha diski, hifadhi mbili zilizotenganishwa, na watu wa mwambao wanaoamini kwamba maneno hayo ni urithi wa watoto wao.